Andika Ulichokiona

Mjukuu wangu,

Siku barua ya chuo ilipofika nyumba nzima ilipiga vigelegele, mimi nikakaa kimya ukumbini, nawe ukadhani sikufurahi. Nilifurahi. Nilikuwa natafuta cha kukupa. Bibi yako amekufungia maharage na unga wa muhogo, baba yako anahangaika na ada. Mimi nina neno moja tu, na nimelichelewesha kwa sababu kulitoa kunanilazimu nikuambie jambo linalonitia aibu.

Unakwenda kusomea maabara. Kabla hujaondoka, wasomee barua hii wenzako mnaokutana nao gulioni hapa Bukiriro. Kuna atakayekuwa mhudumu wa afya wa kijiji, kuna atakayebaki na jembe, kuna atakayeendesha bodaboda na kuwabeba wagonjwa usiku kwenda Rulenge. Ninachokuambia kinawahusu na wao.

Neno lenyewe ni hili: andika ulichokiona.

Nilipokuwa nikifanya kazi zahanati hakuna kazi niliyoichukia kama daftari. Mchana kutwa nimechoma sindano, nimefunga vidonda, nimezalisha, jioni bado nakaa na kibatari kujaza nani kaja, ana umri gani, anatoka kitongoji gani, anaumwa nini. Baadaye vikaja vitabu vikubwa zaidi, ndiyo nikaona mzigo umeongezeka. Nilidhani ni karatasi za wakubwa wa wilayani. Kuna miezi nilijaza kwa kukisia. Nilikuja kuelewa daftari ni kitu gani mwaka 1994, kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda. Wilaya yetu ya Ngara haijawahi kuona kitu kama kile, wala nisingependa uone. Sisi wa zahanati tulichukuliwa kwenda kusaidia. Katikati ya kuhara damu, surua na watoto waliokauka midomo, nilimwona kijana mmoja amekaa makaburini na penseli. Kazi yake ilikuwa kuhesabu wanaozikwa kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama: mkubwa au mtoto, mwanamume au mwanamke, ametoka upande gani wa kambi. Nilikasirika. Nilimwendea daktari mmoja mgeni nikamwambia kuwa tuna upungufu wa mikono ya kubeba maji, na huyu kijana amekaa tu.

Yule daktari hakukasirika. Alinieleza kwamba kwa watu 10,000, akifa zaidi ya mmoja kwa siku, hiyo ni dharura, na kila kitu kinapaswa kubadilika kuanzia siku hiyohiyo. Bila yule kijana, alisema, tungejua tu kwamba watu wanakufa. Kwa sababu yake tunajua ni wangapi, ni akina nani, na wanatoka wapi. Hesabu ya watoto ikipanda upande mmoja, watu wanakwenda kuangalia maji ya upande ule. Kesho yake asubuhi nilimpelekea yule kijana uji mwenyewe.

Huo ndio utafiti ninaoufahamu mimi. Wengi hudhani utafiti ni jengo lenye vioo na watu waliovaa makoti meupe. Hayo yapo, nawe utayaingia, na inshallah utayazoea. Lakini mzizi wake ni mtu mmoja anayekubali kukaa mahali pabaya na kuandika kitu kama kilivyo.

Sasa nije kwenye korona. Wewe ulikuwa darasa la saba, nadhani unakumbuka shule kufungwa na ndoo ya maji yenye koki pale mlangoni. Tarehe 16 Machi 2020 waziri wa afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyetoka Ubelgiji akakutwa na kirusi Arusha. Huku kwetu hofu ilikuja kwa barabara. Malori yalipanga foleni Rusumo kwa sababu Rwanda ilitaka madereva waishie mpakani na mizigo ikabidhiwe wengine, na wake za madereva wakawa wanaulizwa maswali kisimani. Mwisho wa Aprili nchi ilikuwa imehesabu wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo, kwa zaidi ya mwaka mmoja, hakuna hesabu nyingine iliyotolewa.

Utasikia mengi juu ya sampuli za papai na mbuzi. Tarehe 3 Mei 2020 Rais Magufuli, akiwa Chato, alisema sampuli hizo zilipelekwa maabara bila wapimaji kuambiwa ni za nini, na baadhi zikarudi zikionyesha zina virusi. Wewe unayekwenda kukaa nyuma ya mashine ile usilicheke swali lile, wala usimcheke aliyeliuliza. Kukishuku kipimo ni haki. Ndiyo maana katika kila mzunguko wa upimaji utafundishwa kuweka sampuli mbili za kukulinda: moja unayojua kwa yakini kuwa haina kirusi, nyingine unayojua kuwa inacho. Safi ikijibu kuwa ina kirusi, basi kuna uchafu umeingia na majibu yote ya mzunguko huo unayatupa. Yenye kirusi isipojibu, dawa zako zimeharibika. Kisha unapeleka kwenye maabara ya pili warudie bila kujua jibu lako. Kipimo kikishukiwa hupimwa chenyewe, na kuhesabu kunaendelea. Sisi tuliacha kuhesabu.

Nasema sisi, na hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa nimestaafu, lakini mazoea ya daftari hayakuniacha. Niliendelea kuandika msiba wowote niliohudhuria, jina, umri na dalili nilizosimuliwa na wafiwa. Kisha zikaja zile wiki za mwanzoni mwa 2021. Unamkumbuka mzee aliyekuwa akikuletea ndizi za kuchoma ukitoka shule? Alikwenda akihema kama aliyepanda kilima mbio, naye amekaa kitini. Wakamfuata wengine niliokua nao. Watu walisema ni nimonia, au walitumia yale maneno ya siku zile, changamoto ya upumuaji. Nami nilipofungua daftari jioni, kalamu ilinigomea. Niliogopa. Niliona kuandika kutaonekana ni ukaidi, au kutawatia hofu watu wa nyumbani. Hakuna aliyenikataza. Hakuna hata mmoja aliyejua kuwa nina daftari. Nilijikataza mwenyewe, na kurasa za miezi ile ziko tupu mpaka leo.

Siwezi kukuambia ni wazee wangapi wa kata hii walioondoka msimu ule. Hakuna anayeweza.

Sasa tazama waliohesabu walipata nini. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Wellcome Trust hawakusubiri wagonjwa waje. Walichukua damu iliyokwisha kutolewa na watu wenye afya zao kwa ajili ya kuwaongezea wengine, chupa 3,098, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana na kirusi. Walizikuta kwa watu kati ya wanne na watano katika kila 100. Wakati huo Kenya nzima ilikuwa imetangaza wagonjwa elfu chache tu. Maana yake ugonjwa ulikuwa umepita kwenye nyumba nyingi bila kubisha hodi, na wengi waliupata wasijue. Habari hiyo hubadilisha mambo: huwezi kuuzuia kwa kumfuata mwenye homa peke yake, unatakiwa kuwalinda wazee na wenye kisukari, ambao ndio utawadhuru.

Na ng'ambo ya mto wetu, Rwanda, kulikuwa na upungufu wa dawa za kupimia na fedha kama kwetu. Profesa Léon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda na mwanahisabati Wilfred Ndifon, pamoja na wenzao, walibuni namna ya kuchanganya sampuli za watu wengi. Nataka uielewe kabla hujafika chuoni, kwa hiyo mwombe bibi yako nyungo tatu na punje 27 za maharage. Panga punje tisa katika kila ungo, mistari mitatu ya punje tatu tatu. Moja kati ya hizo 27 ndiyo mgonjwa, hujui ipi. Usipime mojamoja. Changanya tone kutoka kila punje ya ungo wa kwanza upime, kisha wa pili, kisha wa tatu. Halafu changanya mistari ya juu ya nyungo zote tatu, kisha ya kati, kisha ya chini. Mwisho changanya punje za kushoto za nyungo zote, za katikati, za kulia. Umepima mara tisa. Ungo mmoja utajibu, mstari mmoja utajibu, upande mmoja utajibu, na vinapokutana ndipo ilipo punje yako. Vipimo tisa vimefanya kazi ya 27. Wakati ugonjwa ni haba njia hii inaokoa mali nyingi, ila ukishaenea kila ungo unajibu na faida inapotea. Kazi yao ilichapishwa mwaka uleule wa 2020 katika jarida la Nature, linalosomwa na wanasayansi duniani kote. Kutoka hapa tulipo mpaka nchi walikoibunia ni mwendo wa asubuhi moja.

Nimekaa sana kwenye kupima kwa sababu ndiyo kazi yako. Lakini kuna kitu cha pili ambacho hata waliosoma hukisahau, nacho ni kulinganisha.

Mwaka ule wa korona nyumba nyingi hapa zilipiga nyungu. Majani yakachemshwa, mtu akafunikwa blanketi, akatoka jasho, akasema amepona. Sidharau majani. Majani ya mubilizi nimeyanywa tangu utotoni, na dawa ya malaria tunayoitegemea leo ilitoka kwenye mmea ambao Wachina walikuwa nao vitabuni kwa karne nyingi, mpaka Bi Tu Youyou akautafiti na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ugonjwa ambao wengi hupona wenyewe huifanya kila dawa ionekane dawa. Watu 100 wakijifukiza wakapona 95, hujajifunza chochote mpaka uwaone wengine 100 kama wao ambao hawakujifukiza. Na mtoto niliyemwona ameungua mapaja kwa maji ya nyungu, huyo hakuna aliyemhesabu kwenye ushuhuda.

Wewe jambo hili unalijua kwa mikono yako. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba wengine walisema ni husuda, wengine walimwaga majivu shinani. Waliotusaidia ni mabwana shamba waliotuonyesha mashamba mawili yaliyopakana. Kwenye moja mkulima alikata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, akapitisha panga lake motoni kila alipotoka mgomba hadi mgomba. Kwenye la pili hakufanya hivyo. Hatukuhitaji hotuba. Tulijua kuwa wadudu walikuwa wanaubeba ugonjwa kwenye ua, na sisi tulikuwa tunaubeba kwenye panga.

Watu walinijia mwaka 2020 wakiniuliza kama nimebakiwa na klorokwini. Dawa ile niliigawa zahanati miaka mingi, mpaka nchi ilipoiacha mwaka 2001 kwa kuwa malaria ilishaizoea. Sasa ilikuwa imevuma duniani kuwa ndugu yake, haidroksiklorokwini, inatibu korona. Huko Uingereza walifanya jaribio kubwa, RECOVERY, lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oxford: wagonjwa waliolazwa wakapigiwa kura na kompyuta nani apewe dawa na nani atunzwe kama kawaida, ili daktari asichague mwenye nafuu. Haidroksiklorokwini haikumwokoa mtu. Waliopewa walikufa 27 katika kila 100, wasiopewa 25.

Katika jaribio hilohilo kulikuwa na deksamethasoni, dawa ya bei ndogo ambayo hospitali zetu zimekuwa nayo makabatini siku zote. Waliopewa walikuwa 2,104, wasiopewa 4,321. Tarehe 16 Juni 2020 majibu yakatangazwa: kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi moja, na kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu, kwa moja ya tano. Sikiliza sasa sehemu iliyonishtua mimi. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakufaidika hata kidogo, na idadi ilielekea upande wa madhara. Dawa ile haiui kirusi, inatuliza mwili unaojichoma wenyewe ugonjwa ukishakomaa. Ukimpa mgonjwa mapema unazima moto ambao mwili ulikuwa unautumia kujilinda. Angekuwapo mganga mmoja tu, mwenye busara zote na miaka 40 ya kazi, asingeligundua hilo. Mimi nisingeligundua. Liligunduliwa kwa sababu maelfu ya wagonjwa waliandikwa mmojammoja, waliopona na waliokufa, bila kumficha aliyeharibu hadithi.

Chanjo ilipokuja nilichanjwa, na ulinisindikiza. Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, baada ya Marekani kutuletea dozi zaidi ya milioni moja za Janssen kupitia mpango wa COVAX. Bibi yako alichelewa kwa sababu ya yale yaliyosemwa kwenye simu. Sikumgombeza. Nilimwambia niangalie mimi wiki mbili, kisha uamue. Aliangalia, akaamua. Watu wa kwetu wanaamini wanachokiona kwa mtu wanayemjua, na wewe utakuwa mtu wanayemjua.

Usidhani mambo hayo yamepita na korona. Homa ya Marburg imetujia mara mbili hapa mkoani Kagera. Mwaka 2023 ilikuwa Bukoba Vijijini, watu 9 wakaugua, 6 wakafa. Januari 2025 ikaja Biharamulo, jirani kabisa. Sampuli za mwanzo zilirudi hazina kitu na wengi wakashusha pumzi. Tarehe 20 Januari Rais alitangaza pale Dodoma, akiwa na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, kuwa ugonjwa upo. Na maabara iliyoutambua kwanza ilikuwa ya mkoani humuhumu, maabara hamishika ya Kabaile, kabla haujathibitishwa Dar es Salaam. Mpaka tarehe 13 Machi ulipotangazwa kwisha, walihesabiwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote kumi walifariki, na wale wanane waliondoka kabla ugonjwa haujapewa jina.

Miezi michache kabla ya hapo Rwanda ilipata Marburg hiyohiyo, wagonjwa 66, wakafa 15. Wengi wao walikuwa wahudumu wa hospitali za Kigali, wakawahiwa, wakapata vyumba vya wagonjwa mahututi, na wakapewa dawa zilizokuwa bado zinatafitiwa, mojawapo remdesivir, ileile iliyotumika wakati wa korona. Majaribio ya chanjo yalianza siku chache tu baada ya ugonjwa kutangazwa, maana watu walishajiandaa. Mimi nawaza wale wanane wa Biharamulo. Kila mmoja alihudumiwa na mtu aliyeona homa, kutapika, damu. Kama mtu huyo angeandika, na wa kitongoji cha pili akaandika, na mmoja akayasoma yote mawili kwa pamoja, pengine jina lingepatikana kabla ya msiba wa tatu. Nalisema kwa uchungu, si kumlaumu yeyote.

Neno jingine, kisha nikuache. Utachukua damu za watu. Mwaka 1906 Mjerumani Robert Koch alikuja Ziwa Viktoria kutafiti malale, akaweka kambi yake kwenye visiwa vya Ssese, Uganda. Aliwadunga wagonjwa dawa yenye aseniki iitwayo Atoxyl, akaongeza kipimo, na baadhi yao wakapofuka. Jina la Koch nimelisoma mara nyingi vitabuni. Majina ya waliopofuka sijawahi kuyasoma. Kwa hiyo ukimfunga mama wa watu mpira mkononi, mwambie unachukua nini na kwa sababu gani, kwa Kihangaza au Kishubi kama Kiswahili kinamchosha, na akikataa mfungue mpira bila kununa. Majibu yakitoka rudi umwambie, hata yakichelewa mwaka. Wapo waliokuja hapa kijijini wakachukua damu zetu na hatukuwaona tena. Usiwe mmoja wao.

Unasafiri Jumatatu. Jumapili baada ya ibada njoo hapa na kalamu, nami nitatoa lile daftari. Macho yangu hayaioni tena mistari, lakini majina ya mwanzoni mwa 2021 ninayo kichwani, pamoja na umri wao na jinsi kila mmoja alivyoanza kukohoa. Nitakutajia polepole. Tutaanza na yule wa ndizi.